Redio Aliyoigandisha Fundi

Fundi redio huyu namfahamu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Nikipita mtaa ule lazima nimchungulie, na mara nyingi namkuta ameinamia meza, bisibisi mdomoni, miwani imefungwa kwa waya. Alikuwa na desturi moja. Redio akishaitengeneza, haitoi mpaka aijaribu kwa taarifa ya habari ya saa saba mchana, ya redio ya taifa. Watu walilijua hilo, wakawa wanakuja kusikiliza. Benchi lake la nje lilijaa. Wa chama hiki na wa chama kile wamebanana, wanataniana. Naye moyoni akajiona mkubwa.

Halafu mdogo wake, kinyozi, akafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Yeye alifungulia stesheni ya upande mmoja, inayowatukana wa upande wa pili tangu asubuhi. Wenye stesheni yao wakahamia kwake. Waliotukanwa wakaususa mtaa mzima. Benchini akabaki mwalimu mstaafu peke yake, naye masikio mazito.

Wivu ukamwingia fundi. Kila akiinua macho anahesabu vichwa vya ng'ambo.

"Mbona umenuna kama umenyang'anywa mke?" mkewe akamwuliza. "Mke nipo hapa."

"Wanaenda kusikiliza matusi tu kule."

"Wangeyasikilizia kwako yangekuwa sala?"

Siku moja redio ya kinyozi ikazimika. Akaileta mwenyewe, anacheka.

"Kaka, nifanyie haraka. Watu wangu wamejaa."

"Watu wako," fundi akarudia. Neno hilo lilimchoma.

Akaitengeneza vizuri, maana kazi hawezi kuiharibu. Ila kishale cha stesheni alikileta kwenye redio ya taifa, kisha akadondosha gundi ndani. Kitufe kinazunguka, kishale hakiendi. Aliniambia mwenyewe, "Nilijua watachoka siku mbili, warudi kwangu."

Kinyozi alizungusha kitufe mpaka kidole kikauma. Kuirudisha aliona haya. Alishajisifu kwa wateja kwamba imepona kuliko mpya. Basi ikasoma habari, za huku na za kule, bila tusi. Wateja wakanung'unika, lakini mtu kichwa kimenyolewa nusu, ataenda wapi? Wiki ya pili waliosusa wakaanza kupita polepole, wakaona hawatukanwi, wakaingia kunyoa ndevu. Wiki ya tatu viti havitoshi, watu wanabishana na kucheka kama zamani.

Mwalimu naye akainuka benchini. "Uniwie radhi, fundi. Kule viti vina migongo. Na habari ni zilezile."

Mchana ule fundi hakula. Angesema nini? Kwamba umati ule kauleta yeye? Ingebidi aseme na habari ya gundi.

Akavumilia siku tatu. Ya nne, saa saba kasoro, akabeba kigoda chake, akavuka barabara.

"Sogeeni, kaka yangu huyo!" kinyozi akasema, akapangusa kiti.

Fundi akakikataa, akakalia kigoda chake. Akasikiliza habari mpaka mwisho, macho hayabanduki kwenye redio.

"Imetengenezwa vizuri hii," akasema.

"Sana, kaka. Ila ina ubishi. Stesheni nyingine haitaki."

"Iache hivyohivyo," fundi akajibu. "Na usije ukampa fundi mwingine."