Siku Utitiri Ulipowapanda Wakwe

Enzi zetu, wenzangu mliokulia kule milimani juu ya Iyunga, kuku walikuwa wapangaji wenzetu. Nani alijenga banda la nje? Ukilijenga umemwandalia kicheche karamu, na aliyemponyoka kicheche alimalizwa na baridi ya mwezi wa sita. Jua likizama kuku waliingia jikoni wenyewe bila kuswagwa, wakarukia dari ya kuni, nasi watoto tukatandika magunia chini yao karibu na mafiga. Tulilala kwenye joto, moshi, harufu ya viazi vya kuchoma na, tusidanganyane, mavi ya kuku. Wajukuu zangu wakiona sisimizi mmoja kitandani wanampiga picha na kuniletea kesi.

Na walipo kuku, upo utitiri, ndio hao chawa wa kuku. Mwanangu aliyesomea mifugo anasema wadudu hao hutafuna manyoya na magamba ya ngozi ya kuku tu, mtu hawamli. Akikupandia anazurura, anakosa chakula, anakufa. Sawa, lakini mwenzangu, huko kuzurura kwenyewe! Unamsikia nyuma ya sikio, ukimgusa hayupo, mara yuko kwapani. Shuleni mwalimu wa zamu alitupanga mstari asubuhi akatukunjua kola, na aliyekutwa na mdudu alirudishwa nyumbani akaoge. Mama hakujali sana. Aliweka majivu na majani ya tumbaku kwenye viota, akasema, "Utitiri si ugonjwa. Ni ujirani."

Baba ndiye aliyejali. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti lililopigwa pasi ya mkaa, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzungukia nyumba za waumini kukagua usafi. Aliinua matandiko ya watu kwa ncha ya fimbo. "Nyumba ya wadudu haina sala," alikuwa akisema, na wanawake walimwona akija wakaanza kufagia kwa hasira. Jikoni kwetu hakuingia. Mwanamume wa heshima hakuingia jikoni, kwa hiyo hakujua kinacholala humo.

Mwaka ule dada yangu Sekela alichumbiwa na kijana fundi seremala wa Iringa. Jinsi Sekela alivyompenda yule kijana, we acha tu. Alikuwa akipeta ulezi huku anaimba, anasahau, anaupeta ule ule mara ya pili. Posa ilikuwa inaletwa na watu wawili, mshenga na shangazi wa yule kijana, na shangazi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Tuliwatazamia jioni. Lori lao likawahi, wakaingia uani asubuhi, wakati Mama na Sekela wako mtoni wanafua. Nyumbani tulikuwa Baba na mimi.

Sasa, kwetu mgeni wa heshima hakuletewa nyama tu mezani. Kwanza alikabidhiwa kuku mzima, akampokea kwa mikono miwili na kumpakata, aone kwa macho yake kwamba anachinjiwa, ndipo kisu kikatoka. Baba hakutaka wakwe wasubiri. Akajitoma jikoni mwenyewe! Kuku wote walikuwa nje wanachakura, isipokuwa mmoja aliyekaa kwenye chungu kilichovunjika, amejitutumua manyoya, mkubwa kama bata. Nilimjua. Alikuwa amelalia mayai wiki ya tatu, hatoki, haogi vumbi, na utitiri wote wa jikoni ulikuwa umehamia kwake.

"Baba, huyo..."

"Nyamaza, wageni wanasikia." Akamwinua. Kuku akamngurumia kidogo tu. "Unaona? Mnene, mtulivu, ana adabu za bibi harusi."

Shangazi alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyotiwa wanga. Akampokea kuku, akampakata, akamsifia. Baba akafurahi, akasimama, akasema tuombe. Na Baba akiomba, jamani, alianza na uumbaji wa dunia. Mimi sikufumba macho. Niliona kwanza kitu kimoja cha rangi ya majani makavu kikipanda mkono wa ile blauzi. Kisha vingine. Vikawa mstari. Shangazi akakuna kiwiko polepole, kwa adabu. Akakuna shingo. Mshenga pembeni yake akajisugua mgongo kwenye kiti. Halafu Baba naye akafumbua jicho moja. Akaona. Namwambia msomaji, aliona vizuri kabisa, uso ukamsawijika, kisha akafumba lile jicho akaendelea kuwaombea mababu.

Walikuwa bado wanaomba na kujikuna Mama alipoingia na ndoo kichwani. Hata hakusalimia. "Yesu wangu! Huyo si analalia mayai?"

Shangazi akafungua macho, akajitazama mikono. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alimweka kuku chini taratibu, akajipangusa, akasema, "Tunashukuru. Lori litatuacha." Waliondoka bila kuonja hata maji, na kila mtu kwetu anajua maana ya mgeni kuondoka hivyo: uchumba umekufa. Sekela aliwakuta njiani wakishuka, akapiga magoti kuwaamkia, na shangazi akampita. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mayai nayo yakapoa, hakikuanguliwa kifaranga hata kimoja.

Mlima mzima ulijua kabla ya Jumapili. Wale wanawake waliokuwa wakiinuliwa matandiko walimpisha Baba njia kanisani, wakijikuna taratibu. Akahamia benchi la nyuma. Shuleni nikipita watoto walijikuna kwapa kama nyani, na mimi nilikuwa nalia chooni. Iringa kimya. Sekela hakumlaumu mtu, ila aliacha kuimba, na chakula akawa anakigeuzageuza tu. Baba hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Akiingia Sekela, yeye anatoka.

Asubuhi moja nikamkuta Baba uani na karai la maji ya moto, sabuni nyekundu ya dawa na jogoo wetu mkubwa. Mzee wa kanisa amekunja mikono ya shati, anamwogesha jogoo! Alimsugua, akamsuuza, akamsugua tena, akamkausha kwa taulo yake mwenyewe, akapekua unyoya mmoja mmoja. "Vaa viatu," akaniambia. "Utampakata wewe. Tunakwenda Iringa kuomba radhi."

Tukapanda lori. Jogoo asiyekauka vizuri, baridi ya milimani, upepo wa lori, mnajua wenyewe mwisho wake. Alianza kupiga chafya, akasinzia, na tulipofika kituo cha Igawa njiani, shingo ilikuwa imelala mkononi mwangu. Wachuuzi walikimbilia lori na kuku wazuri sana. Baba akawatazama wale kuku, akatikisa kichwa. "Sijui wana nini ndani ya manyoya." Tukaendelea bila kitu.

Shangazi alifungua mlango mwenyewe. "Kamwene," akatusalimu kwa lugha ya kwao, wala hakutukaribisha ndani. Baba alivua kofia.

"Dada yangu, nimekuja mikono mitupu. Jogoo niliyekuwa nakuletea nilimwogesha mpaka akafa. Na siku ile niliwaona wale wadudu. Niliwaona, nikaona aibu, nikaendelea kuomba. Aibu ni yangu. Binti yangu hana kosa."

Shangazi akamtazama, mdomo ukamcheza. "Umemwogesha jogoo?"

"Kwa sabuni ya dawa."

Alicheka mpaka akaketi kizingitini, akifuta machozi kwa kanga. Kisha akawa mkali. "Utitiri hata jikoni kwangu upo, tena mwingi. Kilichoniudhi ni kwamba nilichungulia, nikakuona unanitazama napandwa mwilini, kisha ukafumba macho. Nikasema, huyu akiwa mkwe wetu, tutafichwa mangapi?" Akainuka akasogea kando, nasi tukapata pa kupita. "Ingieni. Sekela hajambo?"

Sekela aliolewa mavuno yalipokwisha. Baba alirudi kuzungukia nyumba za watu, lakini fimbo aliiacha nyumbani, na alianza kupiga hodi. Kila shangazi alipotusalimu kwenye sherehe za baadaye, Baba aliinamisha macho kama mtoto aliyevunja chungu, na haya ile haikumtoka mpaka tunamzika.

Siku hizi kuku tunamnunua amenyonyolewa, yuko kwenye friji, hana hata kichwa. Jikoni kwangu kuna vigae, na mdudu hapati pa kukanyaga. Mtu akikosana na wakwe zake anatuma ujumbe wa simu wenye picha ya mikono inayoomba, anaona amemaliza. Wala siwacheki vijana peke yao. Sisi watoto wa Baba tunao mgogoro wa shamba lake tangu alipokufa, na kila mmoja anajua ni wapi alipokosea. Barabara ni ya lami, magari tunayo, kutoka kwangu hadi kwa kaka yangu ni nusu siku tu. Nasema kwa haya, hakuna aliyewahi kwenda.