Sharti la Meza ya Bwana

Baba alipigwa kiharusi shambani, akifunga karoti mafungu ya kupeleka gulioni Soni. Upande wa kulia wote ukafa: mkono, mguu, nusu ya mdomo. Alipotoka hospitali tukamlaza chumba cha mbele, na tangu siku hiyo Mama akawa ndiye mikono yake. Alimgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke. Alimwosha. Alimlisha uji kwa kijiko kidogo, akikiingiza upande wa kushoto, maana kulia uji ulimwagika kifuani au ulimpalia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Lushoto mjini. Nilipanda nyumbani kila Ijumaa na likizo nzima nikijifunza kumhudumia, lakini ule mkono wa Mama sikuupata.

Kwa hesabu ya kanisa letu la Kilutheri, Mama hakuwa mke wa Baba. Baba alifunga ndoa kanisani akiwa kijana, na mwanamke mwingine, ambaye aliondoka kabla ya mwaka kwisha, akateremka Tanga, akapata mume huko na kuzaa. Baba alipoomba ndoa ile ivunjwe, wazee wa kanisa walimtaka yule mwanamke afike mbele ya baraza. Hakufika. Wakamwandikia barua, hakujibu. Miaka ikaenda. Baba akamleta Mama nyumbani, wakalima, wakatuzaa watoto wanne, na kanisa likawatenga wote wawili.

Kutengwa kwetu si kufukuzwa. Unaruhusiwa kuja ibadani, kutoa sadaka, kudeki kanisa, kupika sikukuu ya mavuno. Ila Meza ya Bwana, ule mkate na divai, huikaribii. Nilikua nikiwaona wazazi wangu wakibaki benchi la nyuma wenzao wakienda mbele kupiga magoti. Mama alikuwa akiinamisha kichwa, akipekua mkoba wake. Utotoni nilidhani kweli kuna kitu amepoteza.

Mwezi wa tatu wa ugonjwa, nikiwa likizoni, Baba akaanza kusema neno moja. "Meza." Nikamsogezea meza ndogo ya chai karibu na kitanda. Akatikisa kichwa. "Meza!" Nikaipeleka upande wa pili, na machozi yakaanza kumtoka. Mama alikuwa anaingia na beseni la maji. Akalitua chini.

"Anataka Meza ya Bwana," akaniambia. "Anaogopa kufa hivi."

Siku ileile nilikwenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Si mtu mbaya, na ndiyo maana nina hasira naye kuliko ningekuwa nayo kwa mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kipaimara. Baba alipougua alituletea viazi mara mbili bila kuombwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hakuna anayemnyima. Atubu, na ile hali ikome. Yule mama aondoke pale nyumbani wiki mbili, tuone kweli wametengana. Mchungaji atakuja."

"Aende wapi?"

"Si ana dada yake Soni?"

"Na mgonjwa atageuzwa na nani?"

"Ninyi watoto mpo." Niliyekuwepo ni mimi, wenzangu watatu wako mbali.

"Baba hawezi hata kukaa bila kushikwa," nikasema. "Hiyo dhambi wanaifanya saa ngapi?"

Akaona haya. Akachukua kitabu cha kanuni, alichokijaladia kwa karatasi ya kalenda, akafunua kurasa hadi akafika alipopataka. "Hapa hapasemi mtu ana nguvu au hana. Hapa panasema wasikae nyumba moja."

Nikamkumbusha somo alilotufundisha yeye mwenyewe, la ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Alituuliza nani kati yetu angemwacha mnyama wake afe huko. Darasa zima tulicheka, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hilo ni jambo lingine," akasema, akakifunga kitabu.

Nilipanda mlima nikiwa nimeamua Mama asijue. Lakini aliniona uso, akaniuliza, nikamwambia yote, nikingoja awake. Hakuwaka. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Wiki mbili tu?"

"Mama, huendi popote."

"Nimekuuliza, ni wiki mbili tu?"

"Hii nyumba umeijenga wewe! Umebeba mawe ya msingi kwa kichwa chako, halafu mtu akuambie utoke?"

"Wewe unatafuta haki," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi natafuta baba yako afe na amani. Usinichanganyie."

Akatia kanga mbili na sweta kwenye kapu. Akanionyesha tena namna ya kushika kijiko, upande wa kushoto, kidogo kidogo, ungoje ameze. Akamwambia Baba jambo kwa Kishambaa, karibu na sikio, sikulisikia. Kisha akapanda bodaboda akaenda zake.

Baba akaacha kula. Si kwamba hakutaka, alikuwa akiniogopa. Nilipoleta kijiko alikaza meno na kutazama mlango. Mara mbili alipaliwa mikononi mwangu hadi akawa mweusi usoni, na kila alipopaliwa aliniogopa zaidi. Siku ya tano nikaona kidonda juu kidogo ya makalio, chekundu, kikubwa kama kizibo cha soda. Siku ya nane kilikuwa kimefunguka. Nikampigia Mama simu. Haikupita saa moja nikasikia pikipiki.

Alimfunua, akakitazama kile kidonda, hakunigombeza. Ningeona nafuu kama angenigombeza. Alichemsha maji ya chumvi, akakiosha, akamlalisha ubavu, akamlisha kikombe kizima cha uji. Baba alikula chote macho yakiwa juu yake.

Kesho yake asubuhi, bila taarifa, mchungaji akaja na mzee wa kanisa. Walisikia hali imekuwa mbaya, wakaona wasingoje zile wiki zitimie. Mama alikuwa jikoni, kwenye banda la nje. Aliposikia sauti zao akabaki hukohuko. Mchungaji alikuwa kijana, mgeni katika usharika, mwenye sauti nzuri. Alisoma, akaomba, akamuuliza Baba kama anatubu, na Baba akaitikia kwa kichwa. Nakiri nililia. Nilisema moyoni, basi, yaishe, nitawasamehe wote.

Mchungaji akachukua mkate mwembamba kutoka kisanduku chake, akausogeza kwenye mdomo wa Baba. Baba akakaza meno.

"Pokea, mzee wangu."

Baba akageuza macho upande wa jikoni. "Alete yeye," akasema. Kwa ulimi ule mzito, maneno yalitoka yakasikika.

"Nani?" mchungaji akaniuliza.

"Mama. Yuko jikoni. Amezoea kulishwa naye. Wengine tukimlisha anapaliwa, anaogopa. Akae tu hapa amshike kichwa."

Mzee wa kanisa akasimama. "Yuko jikoni? Amerudi?" Akamgeukia mchungaji. "Hapo sharti halijatimia, Mchungaji."

Sijui nilingoja nini. Mkate ulikuwa kati ya vidole vya yule kijana. Mdomo ulioutamani miaka thelathini ulikuwa chini yake, karibu kabisa. Kati ya hivyo viwili hapakuwa na kitu isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akikoka moto. Mchungaji alimtazama Baba, akamtazama mzee wa kanisa, akaurudisha mkate kwenye kisanduku. Kilifungwa kwa vibano viwili. Navisikia hadi leo.

Kabla sijafungua mdomo, Mama akaingia na sinia la chai. Akapiga goti, akawaamkia, akawaomba radhi kwa usumbufu. Na wao wakanywa! Chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha, kutoka mikono ileile isiyofaa kumshika mgonjwa kichwa. Mzee wa kanisa alikiombea kile chakula. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mikono iliyokiandaa.

Niliwafuata hadi barabarani. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Niliwaambia wamekula kwa Baba na yeye wamemnyima kula. Niliwaambia Baba ana kidonda kwa sababu yao, waje wakione, waje wakioshe. Mchungaji aliinamisha kichwa. Mzee wa kanisa akasema tu, "Una uchungu, mwanangu. Tutakuombea."

"Msiniombee!"

Watu ninaowasimulia hungoja niseme kwamba walipoondoka Mama alimmegea Baba mkate wake mwenyewe, akamwombea, ikawa ndiyo Meza yao. Hapana. Mama asingethubutu. Aliniita nikamsaidie kumgeuza Baba, akaniambia nimemwaibisha mbele ya wageni.

Baba alikufa masika, bila Meza. Kengele ya kanisa haikupigwa. Mwinjilisti alitumwa aombe na wafiwa, hapo uani, dakika chache. Kaburi lilichimbwa na majirani, wengi wao Waislamu, na mzee wa kanisa alikuwa nao tangu jembe la kwanza hadi la mwisho, mvua ikimnyeshea. Nilimwona viganja vikivuja damu. Sikujua nikiweke wapi kitu kile, na bado sijui.

Baada ya arobaini akaja kumwambia Mama kwamba sasa kizuizi hakipo, anaweza kurudi kundini. Nilidhani atamfukuza. Mama akauliza ni Jumapili gani.

Nilimsindikiza. Alisimama mbele ya usharika wote, peke yake, amevaa kitenge cha bluu. Mchungaji akamuuliza kama anajutia maisha aliyoishi na mwanamume asiye mume wake wa ndoa. Mama hakujibu. Tulingoja. Mtu akakohoa, mtoto akalia akatolewa nje, na Mama bado amesimama, mikono mbele, anamtazama tu. Mwishowe mchungaji akafungua ukurasa unaofuata, akaendelea kana kwamba amejibiwa. Mama akapiga magoti, akapokea.

Nilitoka nje kabla ya baraka. Sijarudi kwenye ibada yoyote tangu hapo, na Mama hukasirika kila Jumapili.

Mzee wa kanisa hukutana nami gulioni. Namwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa wangu na sikulelewa vinginevyo. Huitikia marahaba, huuliza habari za Mama. Mwezi uliopita alianza kusema, "Mwanangu, lile jambo la baba yako..." Nikamwambia nanunua kabichi, nina haraka. Alibaki amesimama pale. Sikugeuka.