Maji Yaliyosema Sitini

Nakumbuka Jumamosi moja, kesho yake kitindamimba wangu Anjela anapokea komunyo ya kwanza, nimesimama jikoni kwangu hapa Ifakara naikodolea macho ndoo ya maji. Usicheke, mwanangu. Mvi nilikuwa nazo tayari, ila kwa mashine ile nilikuwa mtoto wa chekechea.

Mashine yenyewe ilikuwa ya jirani yangu Mama Getruda, aliachiwa na mgeni aliyelala kwenye nyumba yake ya wageni. Unatumbukiza kijiti chake kwenye ndoo ya maji, nyama unaifunga ndani ya mfuko usioingiza maji, nayo inashikilia joto unalotaka kutwa nzima. Nyama ya ng'ombe wa mbugani, ngumu kama kandambili, inatoka laini hata kibogoyo anaiweza. Niliijaribu Alhamisi, ikatoka vizuri mno.

Basi nikaiosha. Kwetu chombo cha kuazima hakikai na uchafu, na nilivyolelewa mimi, kuosha ni majivu ya pumba za mpunga. Nikaizamisha nzima kwenye beseni, nikaisugua mpaka chuma chake kikang'aa. Nilijisifu sana.

Jumamosi asubuhi nikatia nyama, nikaweka nyuzi sitini. Dakika chache tu, ikaandika sitini. Nikasema, leo imechangamka. Alasiri nikatoa mfuko wa kwanza: nyama mbichi, mfuko umevimba. Sikuelewa. Nikazima, nikawasha. Sitini. Nikaongeza maji, labda yamepungua. Sitini. Mwisho nikaitoa kabisa kwenye ndoo, nikaishika hewani, nayo ikaniambia hamsini na tisa! Hapo nilichanganyikiwa kweli. Nilishuku umeme, nikashuku maji ya kisima, nikashuku hata macho yangu. Ile namba sikuishuku.

Mama mkwe wangu, Bibi Fortunata, alikuwa amekuja kwa sherehe kutoka Mofu, anapepeta mchele mlangoni. Aliinuka, akakunja mkono wa gauni, akatia kiwiko kwenye ndoo.

"Sesilia, haya ni maji ya kuogesha mtoto mchanga."

"Mama, mashine inasema sitini."

"Watoto wanne umewaogesha. Nani alikuwa anakusomea namba?"

Nikatia mkono na mimi: vuguvugu tu. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa na macho na mikono pia.

Lililofuata linanitia aibu zaidi. Nilitaka niikaange nyama ile kwa moto mkali tuile hivyo hivyo, maana watoto wote wa mafundisho walialikwa na sikuwa na nyama nyingine. Bibi akanitazama. "Imeshinda kwenye uvuguvugu kutwa nzima. Sumu ikishaingia, usidhani moto utaitoa. Hii ndiyo utamlisha Anjela siku anampokea Bwana?" Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikaifukia yote. Iliniuma, sitakuficha. Anjela alilia. Kesho yake wageni walikula wali kwa samaki perege, na hakuna mtoto aliyeumwa tumbo.

Jumatatu niliipeleka kwa fundi wa mafriji, akakitia kijiti kwenye glasi ya barafu, mashine ikasoma thelathini badala ya sifuri. Alipoifungua, pale waya wa kijiti unapochomekwa palikuwa na maji ya majivu yangu. Unyevu ule ndio ulioidanganya kwamba maji ni ya moto, ikawa inaacha kupasha mapema. Akapasafisha, akapakausha vizuri, ikapona. Nikaenda kumweleza Mama Getruda mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu.

Sasa wewe unayeanza kazi ya jiko, nisikilize. Chombo usichokijua usikioshe kama sufuria. Uliza kwanza, kuuliza si ujinga. Namba ikigombana na mkono wako, simama, usichague unayempenda. Pima tena kwa barafu au kwa maji yanayochemka, mpaka umjue mwongo. Na chakula kilichokutia shaka kifukie, hata wageni wakiwa mlangoni. Mimi aibu yangu ya kukosa nyama iliisha siku ile ile. Mtoto ukimlisha sumu kwa mkono wako, hiyo utaishi nayo mpaka uzikwe.

Mungu akulindie mikono yako, mwanangu, akujalie watu wa kukukemea mapema, na kila atakayekula kwako aamke mzima.