Filimbi Inayosikika Hadi Mlangoni

Mama Mvuke hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako kutwa nzima anapiga pasi mashuka huku mvuke umemfunika, na anayetaka kumwona uso sharti angoje upungue. Nyumbani anajulikana kwa jambo jingine: ndiye mpiga filimbi wa bendi ya ukoo wa mumewe, na ndiye aliyewatia aibu.

Maana aliwatia, tusifichane. Kwenye onyesho la mwaka jana, alipofika kwenye sauti ya juu kabisa ya wimbo, filimbi yake ya bati ilipiga yowe kama mlango usiotiwa mafuta. Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akaishusha filimbi, akashuka jukwaani, akaenda zake huku wimbo umebaki nusu. Kuna aliyerekodi kwa simu, na video ikazunguka mtaa mzima hata kabla hajavua viatu.

Sasa onyesho jingine lilikuwa Jumamosi, ukumbi uleule. Shemeji yake, mdogo wa mumewe na kiongozi wa bendi, alikuja nyumbani na filimbi mbili mpya. Moja ilikuwa ya shaba, inang'aa. Nyingine ndefu, ya alumini. Akazilaza mezani kando ya ile ya zamani ya Mama Mvuke, ya kijani, iliyobanduka rangi pale vidole vinapokaa.

"Shemeji, chagua unayoipenda," alisema. "Ila mimi ningekuwa wewe ningechukua ya shaba. Kwenye video itatoka vizuri."

"Na sauti je?"

"Sauti isikusumbue. Nimeshairekodi studio, kuna mtu kaipiga safi kabisa. Wewe unaweka mdomoni, unachezesha vidole, kompyuta inafanya kazi."

Mama Mvuke alidhani ni utani. Alipoona shemeji hacheki, damu ikamchemka.

"Yaani nisimame mbele za watu kama sanamu ya dukani?"

"Usinielewe vibaya. Mwaka jana tulichekwa sote, si wewe peke yako. Maikrofoni yako nitaizima, basi, nani atajua?"

Kilichomuuma ni kwamba shemeji alisema kweli. Yowe lile hata yeye lilikuwa linamrudia akiosha vyombo. Lakini alijua vilevile kwamba akikubali mara hii moja, hatapiga tena hadharani mpaka wamzike. Akazikusanya filimbi zote tatu, akazitia kwenye mkoba.

"Nitachagua," alisema. "Na nitachagua mwenyewe."

Kesho yake akazipeleka kazini. Kama maikrofoni itazimwa, basi alitaka filimbi isiyohitaji maikrofoni, na hakuna mahali pa kuijaribu kama pale. Mashine za kufulia zinanguruma mpaka wafanyakazi wamezoea kuongea kwa mikono: kidole juu maana yake mashuka yamekauka, kiganja kifuani maana yake niletee maji. Mwenzake wa miaka mingi, waliyemwita Kikausho kwa sababu ya mashine alizosimamia, akaenda kusimama kwenye mlango wa mwisho, mgongo ameupa chumba. Wakapatana kwamba akisikia, ainue taulo.

Ya alumini ilikuwa na sauti nzito, tamu, ya kubembelezea mtoto. Taulo halikuinuka. Ya shaba ilipopanda juu, taulo likapanda. Iliposhuka, mashine zikaimeza. Kisha akaishika ya kijani. Taulo likapanda alipoanza tu, na halikushuka tena. Kikausho akaja mbio akicheka, kidole sikioni.

"Hiyo inatoboa, dada! Lakini si ndiyo ile ya kwenye video?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Na ikipiga yowe tena?"

"Ikipiga na ipige. Litakuwa yowe langu."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Shemeji alipoiona ya kijani alikunja uso, ila akamwacha nayo. Si ilikuwa ya kuweka mdomoni tu? Akabonyeza kompyuta. Filimbi ya studio ikatoka kwenye spika, haina doa. Mama Mvuke alisimama mbele ya maikrofoni iliyozimwa, mikono chini, filimbi yake pajani. Hakutikisa hata kidole. Wimbo ukajiendea.

Watu wakatazamana. Mmoja akacheka, kisha safu nzima. Shemeji akatoa macho.

"Shemeji, weka mdomoni," alinong'ona. "Unatuua!"

"Zima!" alijibu Mama Mvuke, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. "Zima hiyo, nipige!"

Ukumbi mzima ulimsikia. Shemeji akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona pa kujificha. Akazima.

Basi akapiga. Filimbi ya kijani ilikata ukumbi bila msaada wa mtu, mstari kwa mstari, mpaka ikafika kwenye ile sauti ya juu, na palepale pa mwaka jana ikapiga yowe. Kicheko kikaanza. Aliogopa, miguu ikataka kushuka jukwaani. Lakini filimbi hakuishusha. Akavuta pumzi, akarudia mstari wote toka mwanzo, akapanda taratibu, na mara hii sauti ikakubali. Akaishikilia kupita wimbo unavyotaka, kwa ukaidi tu, huku anawatazama machoni.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nyuma kabisa, mlangoni, Kikausho alikuwa ameinua taulo.