Siku Tulipopigiwa Kula

Wanangu wakiniona nacheka peke yangu huwa nawaambia: sisi tuliokolewa na ulimi wa Kigisu. Hawaniamini. Shauri yao.

Baba yetu alikuwa askari jela, Mteso wa Soroti, na tulipanga Walukuba, Jinja. Mama, Mgisu wa Mbale, alifariki akimzaa kitindamimba wetu. Baba akamfuata kabla mtoto hajaanza kutembea. Tukabaki wanne: mimi, wadogo zangu wawili wa kiume, na huyo mtoto mgongoni mwangu.

Baada ya mazishi ndugu walirudi Walukuba kuamua nani amchukue nani. Upande wa baba ulisema Kiteso, upande wa mama Kigisu, kwa hiyo kikao kilikuwa cha Kiswahili, na mwenye Kiswahili alikuwa baba mkubwa, mwanajeshi mstaafu. Kila mtu, hata mkewe, alimwita afande. Mpango wake ulikuwa umenyooka kama gwaride: mimi niende kwake Soroti, wavulana wagawanywe kwa ami zangu, mtoto apelekwe kwenye makao ya yatima. Njaa nilikuwa nimeizoea, lakini kunyang'anywa wadogo zangu, hapana jamani, hilo lingeniua.

"Hakuna kelele," afande akasema. "Tupige kura."

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa uani anakoroga malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga. Alikuwa hana mume, anauza chapati, anaishi chumba kimoja Namakwekwe kule Mbale, basi hakuna aliyejisumbua kumwita kikaoni. Na Wagisu wengi ukiwatajia r na l, kwao zote ni moja. Yeye alisikia kula. Akaingia na sufuria.

Akawapita wazee wote, akatupakulia sisi watoto kwanza. Toba! Kwetu wanaume wazima ndio huanza.

"Mama, nimesema kura!" afande akafoka. "Si kula! Kura!"

"Ndiyo, afande. Kura. Si ndiyo hii nareta?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba. Afande alijibana mpaka machozi yakamtoka. Mama mdogo peke yake hakucheka. Alisimama na mwiko mkononi, akauliza kuna nini. Walipomweleza kinachopigiwa kura, uso ulimbadilika.

"Mnagawa watoto ya dada yangu kama mbuzi? Hapana, bwana. Hii watoto yote inaenda kwangu. Watakura kwangu, watarara kwangu."

"Kwenye chumba kimoja?" ami mmoja akauliza.

"Chumba ni yako?"

Afande alimtazama, akatutazama sisi tulivyobanana kwenye sahani moja, kisha akanyoosha mkono juu kabisa. "Mimi nampa huyu mama," akasema. Mikono mingine ikafuata, mmoja mmoja.

Tangu hapo kila mavuno gunia la mtama lilitoka Soroti likafika Namakwekwe. Mara nyingine afande alikuja nalo mwenyewe, analishusha kwenye boda huku anafoka kwamba tumekonda. Shida tuliziona, nisidanganye. Mvua ilituingilia chumbani, chai kavu ikawa chakula cha jioni, na wavulana walibeba magunia ya mahindi eneo la viwanda kila likizo. Lakini tuligombana wenyewe, tukapatana wenyewe, na wote wanne tukasoma.

Kitindamimba alikua akimwita mama mdogo mama, na hakuna aliyeona haja ya kumsahihisha. Alipokuwa darasa la tatu, wafadhili walileta mablanketi shuleni. Mwalimu akasema yatima wote wasimame. Yeye akakaa tu. Akanyooshewa kidole, bado akakaa.

Alirudi mikono mitupu, amevimba kwa hasira. Nikamrukia. Blanketi zima, mjinga wewe, na baridi hii ya mlimani!

"Mwalimu ananiita yatima!" akalia, akimgeukia mama mdogo. "Nikamwambia amekosea mtoto. Kwetu hajafa mtu."

Mama mdogo aliiacha chapati ikaungua, akamkumbatia. Mimi nilitoka nje nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.