Swali Nililolimeza Mbele ya Mzee Ombati

Iko Jumatano moja ya mvua, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia matone yakipiga mabati inanirudia yote. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa nimejiona mtu mkubwa kwa sababu nilikuwa na kazi misheni.

Misheni yenyewe ilikuwa juu ya kilima, upande wa Nyaramba. Ilikuwa ni familia moja tu ya wazungu: Mchungaji, mke wake aliyekuwa muuguzi, na watoto wao watatu. Mwaka wa kwanza walilala kwenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili kama sisi, huku wakifyatua matofali na baba zetu. Watoto wao walisoma na watoto wetu, wakatembea bila viatu kwa kupenda, wakaingiwa na funza, wakatolewa kwa pini wakipiga kelele kama mtoto yeyote. Wamama wazee walimwita yule mke Kwamboka. Hilo ni jina tunalompa mtoto aliyezaliwa mama yake akivuka mto, na wao walisema huyu amevuka maji makubwa kuliko mito yetu yote.

Mchungaji naye hakuwa wa kukaa ofisini. Alikuwa na shamba lake la mahindi nyuma ya kanisa, na kulima alikuwa hajui. Siku moja bibi mmoja alisimama njiani na mzigo wake wa kuni, akamtazama weee, halafu akamwuliza, "Mchungaji, hilo jembe unalima nalo ama unaliombea?"

"Yote mawili, mama," akajibu. "Nikiacha kuomba halilimi kabisa."

Tulicheka. Yeye ndiye alicheka kutushinda.

Sasa kazi yangu. Kwamboka alikuwa amejifunza Kiswahili, lakini mama zetu wakati huo walijua Kigusii peke yake. Mimi nililelewa na mjomba kule Kericho, kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai, ambako makabila yote yaliongea Kiswahili. Shule sikufika mbali. Kusoma na kuandika nilipata jioni, kwenye ngumbaru, masomo ya watu wazima, pale kwenye veranda ya Mchungaji, pamoja na wazee wenye miwani ya kuazimana. Lakini Kiswahili nilikuwa nacho. Kwa hivyo kila Jumatatu na Jumatano, siku za wagonjwa, nilikaa katikati ya Kwamboka na mama aliyekuja. Yeye akisema, mimi nasema. Mama akijibu, mimi najibu. Nilipenda vile watu walinyamaza kungoja nifungue mdomo. Nakuambia ukweli, nilipenda sana.

Jumatano hiyo akaja Bosibori. Alikuwa na miezi saba, mimba yake ya kwanza. Tulikuwa tunajuana, tulikuwa tunachota maji mto mmoja kabla hajaolewa. Bwana yake alikuwa kazini Kericho, mama mkwe alikuwa na miguu ya kuvimba hawezi kutembea mbali, basi akaletwa na baba mkwe, Mzee Ombati. Mzee alitembea mbele, hatua nyingi mbele, naye Bosibori nyuma, vile inavyotakiwa. Siku ya jua mzee angengoja nje. Lakini mvua ilikuwa inapiga mpaka chini ya veranda, Kwamboka akamwingiza ndani kwa huruma. Mzee akakaa kwenye benchi, akaangalia ukuta.

Wewe umekulia mji, wacha nikueleze. Sisi tuna heshima tunaita chinsoni. Baba mkwe haingii nyumba ya mtoto wake wa kiume. Hagusi kitanda cha mke wa mtoto. Na msichana hawezi kutaja mambo ya mwili mbele ya baba yake, au mbele ya mtu yeyote wa rika la baba yake. Mzee Ombati alitahiriwa mwaka mmoja na baba yangu. Kwa Bosibori alikuwa baba mkwe, na kwangu alikuwa baba.

Kwamboka alimlaza Bosibori nyuma ya pazia, akasikiliza tumbo na kile kidude chake cha mbao, akatabasamu. Mtoto alikuwa anapiga moyo vizuri. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, "Muulize kama ameona damu."

Lile pazia lilikuwa kitambaa tu, na nilisikia mzee akikohoa upande wa pili. Nikamwangalia Bosibori, nikamwuliza kwa lugha yetu, "Anauliza kama unakula vizuri."

Alinishika mkono, akaufinya. Halafu akasema, polepole, "Nakula."

Nikamgeukia Kwamboka. "Anasema hapana."

Basi. Akaandikiwa dawa za kuongeza nguvu, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wakaondoka na mvua, mzee mbele, yeye nyuma.

Nilipofika nyumbani nilisukuma chakula kando. Mama alikuwa anapeta wimbi. Akaniuliza, "Kemunto, nani amekuudhi?" Nikamwambia yote, nikitumaini ataniambia nilifanya vizuri, nilitunza heshima. Mama aliweka ungo chini.

"Alikufinya mkono?"

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza?"

"Mama, Mzee Ombati alikuwa pale!"

"Sikukuuliza nani alikuwa pale." Akachukua leso yake. "Simama twende misheni. Sasa."

Tulipanda kile kilima tukiteleza, mama mbele. Saa kumi ilikuwa haijafika. Tulikuta familia yote imekaa chini inaambua maharagwe, hata Mchungaji. Nilisimama mlangoni matope mpaka magotini, nikasema kwa Kiswahili, "Lile swali la Bosibori sikuuliza. Nilidanganya." Nilingoja nitukanwe. Kwamboka alisimama, maharagwe yakamwagika yote, akaenda kuchukua mkoba wake. Mchungaji alikuwa tayari ameshika ufunguo wa Land Rover.

Gari lilikwama kabla ya boma la Mzee Ombati, magurudumu yakazama. Tukatembea. Tulikuta Bosibori ndani ya nyumba yake, kwenye kitanda, na leso tatu zilikuwa zimelowa damu. Mama mkwe alikuwa amekaa chini mlangoni, analia. Mzee Ombati alikuwa amesimama uani kwenye mvua, mikono imelegea. Hakuweza kuingia.

Hapa ndipo nilijua Mchungaji ni mtu wa aina gani. Mzungu mwingine angesema ujinga gani huu, akampita mzee akaingia. Yeye alisimama pale pale kwenye matope, akamwuliza, "Mzee, mimi kwako ni nani?"

"Wewe ni ndugu yangu," mzee akasema. "Ulikula kwangu."

"Basi na mimi siwezi kuingia."

"Huwezi."

"Wamama wataingia. Sisi wawili tuna gari la kutoa."

Akamnyooshea jembe. Wazee wale wawili, mmoja mweupe mmoja mweusi, wakashuka kwenda kuchimba, wakikata matawi na kuyatupa chini ya magurudumu. Sisi ndani tulimfunga Bosibori kwa blanketi. Tulimbeba wanawake wanne: Kwamboka, mama yangu, jirani mmoja na mimi. Nilishika upande wa kichwa. Njia yote alikuwa ananiangalia. Tulipofika, gari lilikuwa limetoka matopeni, na Mchungaji na Mzee Ombati ungefikiri wamefinyangwa kwa udongo mmoja. Mzee aligeuka akaangalia upande mwingine mpaka mkaza mwana wake akalazwa ndani, ndipo akapanda mbele.

Njia ya kwenda hospitali Kisii ilikuwa ndefu sana siku ile. Kwamboka alipiga magoti nyuma muda wote, amemshikilia, na aliomba kwa lugha yake mwenyewe.

Bosibori alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume.

Kwamboka alitoka wodini akanikuta nimekaa sakafuni kwenye ukuta. Akakaa karibu yangu, pale chini, na nguo yake yenye damu. Akaniambia, "Kemunto, nilikupa maneno yangu uyabebe. Hayakuwa yako kutupa." Nikaanza kulia. Akangoja nimalize. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimesikia mtu mzima akimwambia msichana. "Na mimi unisamehe. Nimekaa kwenu miaka minne. Nilikuweka karibu na baba yako nikakuuliza maneno hayo. Nilijua, na sikufikiri."

Nikauliza kama nimefutwa kazi.

"Jumatatu uje mapema. Lakini kwanza tutaenda kwa Bosibori, na utamwambia wewe mwenyewe. Hii sitakusaidia kutafsiri."

Tulienda alipotoka hospitali. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yaliniisha mlangoni. Nikapiga magoti, nikasema, "Mimi ndiye sikuuliza." Bosibori alikuwa ameketi na uso umekonda, maziwa yanamlowesha nguo na hakuna wa kunyonya.

"Nilikufinya mkono," akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua."

Akageukia ukuta. Kwamboka hakuingilia, hakunitetea hata kwa neno moja. Mwisho Bosibori akasukuma kikombe kuelekea kwangu kwa kidole. "Uji umepoa. Nipashie." Nikaenda jikoni nikapasha huku machozi yakiingia kwenye moto. Nilimpashia uji kila siku mwezi ule wote. Kunisamehe hakukuwa siku moja, mwanangu. Kulikuja polepole, na siku zingine kulirudi nyuma.

Ile familia ilifanya nini? Wiki iliyofuata Mchungaji alijenga kibanda cha wanaume mbali na chumba cha wagonjwa, na Mzee Ombati ndiye alikata nguzo. Kwamboka akaanza kujifunza Kigusii kwa wamama wazee kila asubuhi. Walimcheka mpaka wakashika mbavu, na alikubali kuchekwa mpaka akajua. Alijifunza maneno yale yote ambayo mimi niliona haya, pamoja na njia zile za taratibu ambazo wazee wetu walikuwa nazo za kuyasema bila kumvunjia mtu heshima. Kumbe zilikuwepo! Mama angenifundisha kama ningeuliza. Na miaka ya sabini walipofunga mizigo, waliacha dispensari mikononi mwa wasichana wetu wenyewe, waliosomeshwa uuguzi.

Nimewasikia watu wakisema wamisheni walikuja kutufundisha kudharau mambo yetu. Labda wengine. Mimi nasema niliyoyaona. Hawa waliheshimu mambo yetu kuliko mimi, kwa sababu mimi nilijificha nyuma ya heshima, na wao waliitafutia njia ya kumwokoa mtu.

Sasa sikiliza, wewe unayeenda kazini. Ukikabidhiwa neno la mtu, lifikishe lote. Usilipunguze kwa sababu unaona haya, au kwa sababu mkubwa amekaa karibu. Kama huwezi kulisema mahali hapo, sema wazi kwamba huwezi; toka nje, nong'ona, mwite mama mzima, omba mzee apewe kiti kingine. Lakini usiseme "hapana" ambayo hukuisikia. Heshima ya watu wetu ni nzuri na uishike, maana haikumzuia Mzee Ombati kushika jembe. Uoga wangu ndio ulimzuia Bosibori kusema. Ukikosa, rudi siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa matope, usingoje moyo utulie. Na siku ukiwa mkubwa na mtoto akakosa chini yako, uliza kwanza wewe ulimweka wapi, halafu kaa chini sakafuni karibu naye.

Mungu aliyevukisha watu maji wakaja kutupenda akulinde kwenda na kurudi. Akupe ulimi mkweli na mikono ya kubeba. Wanaokushika mkono kwa siri uwasikie. Na popote utakapolala, ulale ukiwa umesema yote uliyotumwa. Amina, mwanangu.