Fito za Asukile

Asukile alikuwa mwashi wa Mbalizi, mtu wa maneno machache na viganja vipana, na mwaka ule wa hamsini na saba ndipo alipoitwa kontrakta kwa mara ya kwanza. Kanisa lilimpa kazi ya kujenga zahanati ya wazazi, maana wanawake waliojifungua kwa nesi Lusia walilazwa kwenye banda la nyasi lililovuja kila pembe. Mkewe mwenyewe, Damari, alimzalia humo binti yao Tupokigwe, huku mwanamke mwingine akikinga sufuria juu ya kichwa cha mtoto ili matone yasimwangukie. Asukile hakuisahau ile sufuria.

Mzee wa kanisa, Sedekia, alimwambia bila kuzunguka: "Jumamosi ya kwanza ya Machi utukabidhi ufunguo. Ukiweza, nyumba ya nesi nayo utaijenga wewe. Ukishindwa, tutamwita fundi wa mjini."

Kuta zikapanda, mabati yakapigiliwa, lipu ikakauka. Ndipo, katikati ya Januari, Asukile alipotoa futi yake ya kukunja, akapima nafasi sita za makabati zilizoachwa ukutani, akamwandikia barua Bwana Umakant, mwenye karakana ya useremala kule Iringa. Ndivyo waashi wote wa kwao walivyofanya. Tofali la kuchomwa kwa kuni halitoki sawa, moja limevimba, jingine limepinda, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kupima kabati kabla ya lipu.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Makabati sita ya mninga, wiki kumi.

Asukile alihesabu kwa vidole, akafika Aprili. Fremu za makabati zilitakiwa kujengewa ukutani kwa saruji. Bila fremu asingeweza kumwaga sakafu, na bila sakafu asingeweza kupaka chokaa. Kazi yote ikasimama. Mafundi wakawa wanakaa ukutani wakitafuna mahindi.

"Kontrakta," mmoja wao, Saulo, alimtania, "mimi leo nimejenga kivuli. Kesho nikipige lipu?"

Wenzake wakacheka. Asukile hakucheka.

Nyumbani aliitoa tena ile barua. Damari alikuwa akimnyonyesha Tupokigwe, akasema taratibu, "Baba Tupo, hiyo barua umeisoma mara nne na haijabadilika. Panda basi."

"Nikafanye nini huko? Mbao haikauki kwa kupigiwa kelele."

"Sijasema ukapige kelele. Mimi nimemuuliza nesi Lusia kabati lipi anaanza nalo. Kasema moja tu, la dawa kali, liwe na kitasa. Mengine ni ya mashuka na bakuli. Sasa wewe unayasubiri yote sita ya nini?"

Asubuhi yake akapanda basi.

Umakant alimpokea vizuri, akampeleka nyuma ya karakana, kwenye mbao zilizopangwa juu ya vijiti ili upepo upite. "Gusa, bwana."

Asukile akagusa. Zilikuwa na ubaridi wa maji.

"Nikikutengenezea hizi leo, mwezi ujao milango haifungi, na wewe utanitukana mpaka babu yangu. Hebu nikuulize. Siku unachimba msingi, hukujua kama utaweka makabati?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniandikia siku ile?"

"Kuta zilikuwa bado."

Umakant akamgeukia fundi wake mkuu, Liberatus, Mbena mmoja mrefu mwenye maranda kwenye nywele. "Unasikia? Makontrakta wote wa huko juu wananiandikia lipu ikishakauka, halafu wote wanakuja kunililia mwezi uleule!"

Aibu ilimpanda Asukile, ila hakuwa amekuja kuona aibu. Akauliza, "Mbao kavu hakuna kabisa?"

"Zipo chache, masalio," Liberatus alisema. "Zinatosha fremu. Na mlango mmoja, labda."

"Basi nipe fremu sita na mlango mmoja wenye kitasa. Milango mitano ifuate mbao zikikauka."

"Vipimo vyako vyote vimepishana," Liberatus akamwonyesha barua. "Milango ikija baadaye itagoma kuingia."

Asukile akaikunja barua yake mwenyewe. "Vipimo hivyo vitupe. Fanya zote saizi moja. Ukuta ni wangu, nitaukata ufuate fremu."

Liberatus akakata fito mbili za kupimia urefu, akakata na mbili za kupimia upana. Jozi moja akaitundika karakanani, nyingine akampa Asukile ya kukatia ukuta. Asukile alikaa Iringa siku nane, akipiga randa pamoja na mafundi, kisha akarudi juu ya lori la viazi akiwa amekumbatia fremu zake na ule mlango mmoja. Walikwama kwenye tope mara mbili. Mara zote mbili alishuka wa kwanza kusukuma.

Saulo alipoambiwa abomoe kingo za lipu, alishika kiuno. "Lipu yangu hii? Iliyonyooka hivi?"

"Bomoa, ndugu yangu. Tuna siku kumi na saba."

Wakabomoa, wakajengea fremu, wakamwaga sakafu, wakapaka chokaa. Jumamosi ya kwanza ya Machi Mzee Sedekia aliingia, akasimama mbele ya makabati matano yaliyofunikwa vitambaa alivyoshona Damari.

"Haya makabati mbona yamevaa sketi?"

"Milango inakuja wiki ya pili ya Aprili, mzee. Hii hapa barua ya Bwana Umakant."

Mzee alikunja uso. Nesi Lusia hakungoja maneno. Alipanga chupa zake kwenye kabati la sita, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. "Jumatatu nahamia," alisema. "Kuna wawili wamekaribia."

Sedekia akaukunjua uso kidogo. "Haya. Nyumba ya nesi utaanza lini?"

Walianza wiki iliyofuata. Kamba za msingi zilipokuwa zinavutwa, kabla jembe halijagusa ardhi, Asukile alikata fito, akazifunga pamoja, akampa dereva wa basi la Iringa amfikishie Bwana Umakant.

"Kontrakta," Saulo akaita kutoka ng'ambo ya kamba, "unaagiza makabati ya nyumba ambayo haipo?"

"Itakuwepo," alisema Asukile, akaokota jembe.